Mkojo wa saa 24, dumu langu, na yule kaka wa dirishani

Jamani nimebeba mkojo wangu mwenyewe njia nzima kama mtu anapeleka maziwa kiwandani, halafu nikarudishwa. Acheni niseme, nikinyamaza nitapasuka.

Iko hivi. Uso umekuwa duara, tumbo linakua, mapaja yanakonda, daktari akahisi kotisoli imezidi, ile homoni inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, ikizidi muda mrefu ndo huo ugonjwa wa Cushing. Akasema damu ya kuchukua mara moja haitoshi maana asubuhi kotisoli inakuwa juu na usiku inashuka, ila ukikusanya mkojo wa siku nzima unaona jumla yake. Hapo sina ubishi, aliyebuni hiki kipimo alitumia kichwa.

Dirishani pale maabara nikapewa dumu na maneno matano: "Weka wote, usimwage hata tone." Basi nikaweka wote, kuanzia ule wa kuamkia. Siku nzima nimejifungia ndani, dumu liko kwenye friji maana linatakiwa likae baridi, watoto wanauliza hiyo juisi ya nani.

Kesho yake nafika, kaka analiangalia. "Mama, ule wa kwanza ulimwaga?" Nikamwambia hapana, si mlisema nisimwage? Akacheka. Tena kile kicheko cha kutaka foleni nzima isikie. "Huo ulilala kwenye kibofu, ni wa jana huo! Karudie." Na aliyenipa maelezo ni yeye yeye!! Nilitetemeka kwa hasira, nikamwaga kila kitu chooni kwao nikaondoka bila kuaga.

Nilisema sirudi. Nikarudi, ningefanyaje. Safari hii dada mwingine alinieleza kwa dakika mbili tu nikaelewa: ukiamka mwaga wa kwanza, andika saa, halafu kusanya yote mpaka ule wa kuamkia kesho yake saa ileile, huo wa mwisho unaingia. Usijijaze maji kupita kiasi, na kama unapaka krimu ya ngozi yenye steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoli, sema mapema, inaweza kuvuruga majibu. Kumbe hata ukidanganya wanapima na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo karibu kiasi kilekile kila siku, wanajua kama dumu halijakamilika. Dakika mbili! Yule alishindwa nini?

Kipimo chenyewe hakiumi, sindano hakuna, ningekipa nyota tano. Nne. Aah hapana, nikikumbuka kile kicheko natoa moja, na hiyo moja ni ya yule dada.

Majibu yametoka, kotisoli iko juu. Daktari anasema moja halitoshi, lazima lipatikane la pili ndo aamini. Kwa hiyo juzi nimeenda kuchukua dumu jingine, na dirishani nani yuko zamu? Yeye. "Mama, unakumbuka maelezo?" Nikamwambia leo nikueleze mimi.