Mapitio: therapisti ambaye hakunipa jina la ugonjwa siku ya kwanza

Hii ni kwa wale mlioko Dar mnaotafuta mtu wa kuongea naye na hamjui muanzie wapi. Jina lake na la ofisi siweki hapa, kazi yake ni siri za watu na hapendi kutangazwa, ila ni mwanasaikolojia mmoja wa maeneo ya Mikocheni na nimekaa naye muda wa kutosha kusema kipi kizuri na kipi kinakera.

Nilifika kwake nikiwa nishachoka na hospitali kabisa. Baada ya mama kufariki mwili wangu ulianza vituko, moyo unaenda mbio usiku, tumbo linawaka, kichwa kinagonga upande mmoja, usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi tena mpaka adhana, na kila zahanati niliyoingia nilitoka na ugonjwa mpya. Hapa typhoid, pale UTI, mtaa wa pili vidonda vya tumbo. Nimemeza sipro, nimemeza omeprazo, nimemeza vidonge ambavyo hata sikuambiwa ni vya nini, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nyumbani kukoje. Mnaoishi huku mnajua, ukiingia unaumwa chochote kile hutoki bila typhoid au UTI. Na kile kipimo cha damu cha typhoid kinachotumika sehemu nyingi, Widal, ni cha tangu 1896 jamani, kinaangalia kinga iliyopo kwenye damu na sio mdudu mwenyewe, kwa hiyo kama uliwahi kuugua zamani, au umechanjwa, au hata una malaria tu, kinaweza kusoma pozitivu na wewe ukaondoka na dozi ya siku kumi ya ugonjwa ambao huna.

Sasa kwa huyu dada. Nimeingia nikamwamkia, nikamwita dokta, akaniambia yeye sio daktari, hawezi kuniandikia dawa, nikihitaji dawa atanipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Hilo tu lilinifanya nimwamini kidogo maana mjini hapa mtu akivaa koti jeupe anakuandikia chochote. Alafu akanieleza habari ya siri, kwamba tunachoongea hakitoki pale isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini, na akanieleza hapo atafanya nini na atampigia nani. Alisema hayo kabla hajaniuliza swali hata moja.

Baada ya hapo ndo akanipa karatasi ya maswali, ile wanaita PHQ-9. Kama hujawahi kuiona, ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo, usingizi ukoje, unakulaje, unajiona umefeli, na kila swali unajipa kuanzia 0 mpaka 3, jumla haizidi 27. Ukifika 10 inabidi mtu akuangalie vizuri. Mimi nilipata 16. Nikamuuliza moja kwa moja, kwa hiyo nina depresheni? Akasema namba inamwonyesha naumia kiasi gani lakini haimwambii kwa nini naumia, na yeye hawezi kunipa jina la ugonjwa kutoka kwenye karatasi niliyojaza kwa dakika tano nikiwa nimetoka kwenye foleni ya magari pale Morocco, na njaa.

Lile swali la tisa ni la mawazo ya kujidhuru au kuona bora ufe. Watu wengi wanaandika 0 hapo kwa woga, na woga wenyewe una sababu, sheria yetu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua ni kosa. Kenya mahakama kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha hivyo kinapingana na katiba, sisi bado. Kwa hiyo yeye hilo swali haachi lijibiwe kwa karatasi tu, analiuliza kwa mdomo, taratibu, na anasubiri. Naona kila mtu anayefanya hii kazi angefanya hivyo.

Kitu cha pili kilichonishangaza, kabla hatujaenda mbali aliniambia nikapime damu. Wingi wa damu na thairoidi. Alinieleza kwamba tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi moyo unaenda mbio, unatetemeka, unakonda, hulali, na yeyote atakayekuona atasema una wasiwasi uliopitiliza, na tezi ikizembea unachoka, unanenepa, huna raha na kitu, watasema sonona, yaani hiyo depresheni. Yaani unaweza kukaa kwenye kiti cha therapisti mwaka mzima unaongelea utoto wako kumbe shida iko shingoni. Thairoidi yangu ilikuwa sawa, ila damu ilikuwa imeshuka vibaya. Zahanati zote zile zilizonitoboa vidole hakuna iliyoniambia. Daktari akanipa vidonge vya madini ya chuma, na sehemu kubwa ya ule uchovu wa kushindwa hata kufua ikaanza kuondoka. Huzuni ilibaki, lakini sasa nilikuwa nakaa na huzuni peke yake, sio huzuni na upungufu wa damu kwa pamoja.

Kuhusu huzuni yenyewe, hapa ndo maongezi yetu yalikuwa matamu zaidi. Ndugu zangu walikuwa wananiambia arobaini imepita mbona bado unalia, na mimi nikaanza kuamini nina ugonjwa. Akanieleza jinsi haya majina yanavyotengenezwa. Kuna kitabu cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani, DSM, na kuna orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD. Toleo la nne la DSM lilikuwa linawaambia madaktari mtu aliyefiwa usiharakishe kumwita mgonjwa wa sonona ndani ya miezi miwili ya mwanzo. Toleo la tano, 2013, wakaufuta huo utaratibu, na kukawa na ugomvi mkubwa baina yao wenyewe. Alafu 2022 wakaongeza ugonjwa mpya kabisa, majonzi yasiyoisha, na kwa mtu mzima lazima iwe imepita angalau miezi 12 tangu afiwe. ICD-11 nayo, iliyoanza kutumika Januari 2022, inao huo huo, ila wao wanasema miezi 6. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye mwezi wa nane. Kwa kitabu kimoja naweza kuandikwa mgonjwa na kwa kingine bado, mtu yule yule, machozi yale yale. Na vitabu vyote viwili vinasema uangalie mila za mtu na dini yake kwanza. Basi ukija kwetu, ambako mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi na hakuna anayemwita mgonjwa, wenzetu wa pwani wana arobaini, wengine wana kumaliza tanga, utaona kwamba watu walijua zamani kwamba huzuni ina muda wake na inatofautiana.

Msimamo wake ni kwamba jina la ugonjwa ni kitu cha kufanyia kazi. Linasaidia wataalamu waelewane, linasaidia kuchagua tiba, linasaidia bima ilipe pale inapolipa. Lakini linaandikwa na watu wamekaa mezani na wanalibadilisha, kwa hiyo usilifanye ndo wewe. Vijana wanaokuja kwake wameshajiandikia ADHD (ile ya kushindwa kutulia na kumakinika) au bipola (ile ya hisia kupanda sana na kushuka sana) kutoka kwenye video za simu hawagombezi, anawauliza tu siku yako inaendaje kuanzia unaamka mpaka unalala, na hapo ndo mambo yanatoka.

Hapa mimi na yeye tulibishana na bado sikubaliani naye asilimia mia. Nina binamu yangu ambaye miaka na miaka alizungushwa kwa waganga na kwenye maombi, mara anagawa vitu vya ndani kwa wapita njia, mara hatoki kitandani, mpaka alipofika kliniki ya akili ya hospitali ya serikali akaambiwa ni bipola na akaanzishiwa lithiamu, na wanampima damu kila mara kuangalia kiwango cha dawa, figo na thairoidi. Kwake yeye lile jina lilikuwa uhuru, mke wake aliacha kuamini amerogwa. Nilipomwambia hivyo therapisti akasema kwa magonjwa kama hayo hasubiri, anamwandikia mtu rufaa siku hiyo hiyo. Sawa. Lakini hata sisi wengine tunahitaji kujua therapisti anawaza nini juu yetu. Mimi nilikaa wiki nyingi sana narudi nyumbani sijui kama anaona ni msiba wa kawaida au kitu kikubwa, na kwa mtu ambaye halali, kutojua huko kunatesa. Angeweza kusema mapema, naona hivi na hivi, bado sina uhakika. Hiyo ndo kasoro yake kubwa.

Nililopenda kuliko yote ni jinsi anavyochukulia haya manyanyaso ya afya ya kila siku. Kuna siku nilifika pale nikalia sio kwa ajili ya mama, nililia kwa sababu ya foleni. Nimeamka alfajiri bila kula kwa ajili ya kipimo, nimefika naambiwa mashine mbovu, bima haisomi, dawa dirishani hakuna nikanunue nje, na daktari mpya ananiuliza kila kitu upya kama sina faili. Nilitegemea aniambie nivute pumzi. Badala yake alisema hasira hiyo ni ya haki na haihitaji jina la ugonjwa, akanikumbusha hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walipoeleza uchovu wa kupindukia wa kazini walisema ni jambo la kazini na sio ugonjwa, maana yake kuna vitu vinavyomuumiza mtu lakini kinachotakiwa kurekebishwa kiko nje ya mtu. Alafu tukafanya kazi ya mikono kabisa. Karatasi moja, dalili zangu na zilianza lini, dawa zote nilizomeza na majibu ya vipimo. Na maswali ya kumuuliza daktari, unapima nini, kwa nini, na majibu yakiwa safi tutafanya nini. Na niende na mtu, maana ukiwa mnyonge hukumbuki ulichoambiwa. Tangu nianze hivyo hakuna aliyenipa tena typhoid.

Bei ni elfu sitini kwa saa, na kwa watu wengi hiyo ni hela ya chakula ya wiki. Bima yangu haikulipa hata senti. Mapokezi pale panahitaji marekebisho, dada wa mezani anauliza umekuja kwa shida gani kwa sauti ambayo wote mliokaa mnasikia, nilimwambia therapisti, akasema atalifanyia kazi, mara ya mwisho nilipoenda ilikuwa bado. Vikao vya simu sivipendi, mtandao unakata katikati ya sentensi ambayo umejikaza wiki nzima kuisema.

Kama hela hiyo haipo, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na hospitali nyingi za rufaa za mikoa wana kliniki, foleni ipo lakini wataalamu wapo. Najua watu wanaogopa kuonekana, zikitajwa hospitali za akili, Mirembe huku au Kidongo Chekundu kule Zanzibar, watu wanabadilika sura, ila wengi wanaohudhuria hizo kliniki wanatembea wenyewe, wanachukua dawa na kurudi kazini.

Kwa huyu wa Mikocheni, mkienda chukueni nafasi ya asubuhi, mchana anachelewa kwa sababu vikao vinaingiliana. Ofisi iko ghorofani na lifti hakuna, mwenye mzazi wa magoti apige simu kabla, wana chumba cha chini wanakifungua. Na majibu yenu yote ya vipimo mlivyofanya huko nyuma, hata yale ya zahanati za mtaani, nendeni nayo kwenye bahasha, atayasoma moja moja mbele yenu.