Dirisha au feni ya bafuni: kipi kinaondoa unyevu?

Dirisha halili umeme, na upepo ukivuma vizuri bafu hukauka upesi. Shida ni kwamba upepo hauji kwa kuagizwa. Siku ya mvua au baridi kali watu hulifunga, na mvuke wa maji moto unabaki ndani: kioo kinatiririka, rangi ya dari inabanduka, na katikati ya vigae yanaanza madoa meusi ya kuvu.

Feni hufanya kazi hata hewa ya nje ikitulia. Kwa bafu dogo, inayotoa takriban mita za ujazo 85 kwa saa inatosha. Iache izunguke dakika 20 hivi baada ya kuoga. Lakini bomba lake litoke nje kabisa. Likiishia juu ya dari, umehamishia unyevu kwenye mbao. Mlango nao uwe na upenyo chini, la sivyo feni haina hewa ya kuvuta. (Ijaribu kwa kipande cha karatasi ya chooni: kikinata kwenye wavu wake, inavuta.)

Kwa maoni yangu, bafu lenye dirisha kubwa linalofunguliwa kila siku linaweza kukaa bila feni. Lisilo na dirisha, feni si anasa hata kidogo.