Kipima hewa cha SDS011 jirani na krasha: moshi kinaujua, vumbi kinalipunja

Kwa mtaa ulio karibu na kiwanda kinachotoa moshi, kipima hiki tunakipa nyota nne kati ya tano. Kwa mitaa ya pembezoni mwa Dodoma inayopakana na krasha (mashine za kusaga mawe kuwa kokoto), mbili tu, na sababu ni moja.

Seti hii ni ya mradi wa Sensor.Community, ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015. Ina sensa ya SDS011, bodi ya NodeMCU (kompyuta ndogo inayotuma vipimo kwa Wi-Fi), sensa ya unyevu DHT22, mpira wa milimita 6 wa kuvutia hewa, na elbo mbili za PVC za milimita 75 zinazokuwa kava. Haihitaji kuchomea nyaya kwa risasi. TX (pini ya kutuma data) ya sensa iende pini ya D1 ya NodeMCU, RX (ya kupokea) iende D2, volti 5 iende VU, GND (waya hasi) kwa GND; data ya DHT22 iende D7. Wengi hugeuza TX na RX: feni inazunguka vizuri lakini namba hazitoki. Wi-Fi iwe ya 2.4 GHz. Umeme au bando likikatika, vipimo vya muda huo vimepotea, kwa hiyo daftari la saa na upepo ni la lazima.

Sasa sababu yenyewe. SDS011 huhesabu chembe kwa mwanga wa leza, na chembe ndogo za moshi (PM2.5, yaani zisizozidi mikroni 2.5) inaziona vyema. Chembe nene haizioni sawasawa, hivyo namba yake ya PM10 (chembe za hadi mikroni 10) hutoka chini ya hali halisi. Vumbi la kokoto ni nene. Bati limekuwa jeupe, masufuria yamefunikwa unga, na skrini inaonyesha namba ya kuridhisha! Mwenye krasha akiishika namba hiyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wananchi wamejifunga wenyewe.

Nunueni seti mbili. Ziwekeni pamoja wiki nzima kuona kama zinakubaliana, kisha tenganisheni: kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki, basi moja ikae mashariki ya krasha, nyingine magharibi, mita 2 hadi 3 juu, mbali na jiko la mkaa. Tofauti kati ya vipimo vya hizo mbili, saa mashine inapofanya kazi na inapozimwa, ndiyo hoja ya kumpelekea afisa mazingira wa jiji au NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira) ili waje na vipimo vyao. Msibebe namba moja iliyoruka. Chukueni wastani wa saa 24. Kikomo cha WHO cha 2021 kwa PM2.5 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo.

Ukavu wa Dodoma unakisaidia, maana unyevu ukipita asilimia 70 matone huhesabiwa kama vumbi. Asubuhi za mvua, Desemba hadi Aprili, ziwekeeni alama daftarini. Mdomo wa elbo ufungwe wavu, buibui hupapenda sana, na mpira ukaguliwe kila mwezi.