Uzoefu wangu na Spitfire Mk I ya skeli 1/72

Boksi hili la modeli ya plastiki ya kuunganisha, ya ndege ya kivita ya Uingereza iliyopunguzwa mara 72, lina tatizo moja kubwa: pale bawa linapokutana na kiwiliwili. Mengine yanamalizwa na msasa.

Umbo liko sawa. Spitfire halisi ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo modeli inapaswa kuwa na milimita 156. Hii nimeipima 155. Lile bawa la duaradufu, ambalo modeli nyingi za bei rahisi hulikosea, limetoka vizuri.

Kwanza osha fremu zote, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande, kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu. Plastiki hutoka na mafuta ya kalibu, na rangi ya akriliki haishiki juu yake.

Sasa lile bawa. Ukilipachika baada ya kufunga kiwiliwili, unabaki na ufa wa karibu nusu milimita kila upande. Ukiujaza pati (lipu laini ya kuziba nyufa), msasa utafuta na mistari ya mabati iliyochongwa pale. Ukivuta ncha za mabawa juu kwa tepu, ufa unafungika kweli, ila ndege inasimama kama kunguru anayetaka kuruka. Chanzo ni kiwiliwili kuwa chembamba. Kata kijiti kutoka kwenye fremu, kikingamishe ndani nyuma ya kiti cha rubani, kisukume kuta nje. Anza na kirefu, kisha kipunguze kidogo kidogo kwa msasa wa 400 huku ukijaribisha bawa bila gundi. Mwanga usipopenya tena kwenye ufa, gundisha.

Kioo cha rubani kisiguswe na supaglu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na ikimwagika unaifuta kwa kitambaa chenye maji.

Karatasi ya maelekezo inasema tumbo lipakwe buluu. Si kweli kwa ndege ya kiangazi cha 1940: kuanzia Juni mwaka huo rangi rasmi ya chini ilikuwa Sky, kijani mpauko sana. Juu ni kahawia ya udongo na kijani kilichokolea. Propela ziko mbili. Ile ya mbao yenye panga mbili ni ya ndege za mwanzo, kwa 1940 weka ya panga tatu.

Stika za maji ni nyembamba na nzuri, lakini juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa na kutoa weupe kingoni. Paka vanishi ya kung'aa kwanza, loweka stika sekunde 20, itelezeshe kwa brashi, vanishi ya kufifisha iwe ya mwisho.

Miguu ya magurudumu iache mwishoni kabisa. Matundu yake hayana kina, na miguu ya Spitfire imekaribiana huku ikielekea mbele kidogo, hivyo hulegea kabla gundi haijakauka. Igeuze ndege chali, iegemeze, usiisimamishe mpaka kesho yake.