Matembezi ya Kathmandu: mwongozaji mahiri, ratiba ya mbio

Huduma niliyoilipia ni matembezi ya nusu siku jijini Kathmandu, Nepal, yanayofuatilia mgogoro wa katiba wa 2005 na 2006. Mwongozaji alianzia Ratna Park, ambako alitueleza bila papara jinsi Mfalme Gyanendra alivyoifukuza serikali ya Waziri Mkuu Sher Bahadur Deuba tarehe 1 Februari 2005, akakata simu na kuwaweka kizuizini viongozi wa vyama, na jinsi vyama saba vilivyozoea kutoiva chungu kimoja vilivyolazimika kuungana, kisha Novemba vikaafikiana hata na waasi wa Kimao, wakomunisti waliokuwa wakipigana na serikali. Hapo ndipo penye utamu wa ziara yote. Alichora kwa kijiti mchangani Barabara ya Mzunguko, akaonyesha waandamanaji wa Aprili 2006 walivyolizingira jiji katika maandamano ya siku 19, hadi mfalme akalirejesha Bunge lililovunjwa 2002.

Kasoro ilianzia Jumba la Narayanhiti, lililokuwa kasri la mfalme na ambalo sasa ni makumbusho. Simu huachwa mlangoni, nako ndani kuna simbamarara waliokaushwa (nakiri niliwatazama wao kuliko kiti cha enzi), lakini kampuni ilitutengea dakika 40 tu. Kura ya 28 Mei 2008, iliyoufuta ufalme kwa 560 dhidi ya 4, ilisimuliwa tukiwa tunakimbilia basi.

Nimewapa nyota nne kati ya tano. Ukiweka nafasi, omba kundi la asubuhi.