Bruce Lee kwa faranga 500, huko Kadutu

Jumapili nilipanda Kadutu, mtaa wa Bukavu huko Kongo, kwenye chumba kidogo cha video: mabenchi ya mbao, turubai dirishani, kuingia faranga 500. Walionyesha Enter the Dragon ya Bruce Lee, ya 1973, ile ile niliyoiona kwa kaseti yenye mistari nikiwa na miaka tisa, yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) akinitafsiria kwa sauti kubwa kuliko filamu yenyewe. Mpaka leo yale mapigano ya chumba cha vioo yananinyamazisha. Kamera imetulia, unaona mwili mzima, unaona teke linatoka wapi na linatua wapi.

Kisha wakaweka filamu mpya, sitaitaja. Picha inakatwa kila sekunde, giza tupu. Sikujua akteri, yaani shujaa, ni nani na shefu bandi, mkubwa wa wabaya, ni nani. Vijana wa mbele wakatoa simu zao. Labda ninatamani utoto wangu tu, sikatai. Lakini wale vijana hawana utoto huo, na kwenye vioo walipiga kelele kunishinda.

Mabaya: joto, na jenereta ilizima mara mbili. Karanga tamu sana. Papa mwenye chumba, spika ya kushoto inakwaruza, uitengeneze kabla ya Jumapili.