Kulainishiwa springi za pikapu Pemba: yaliyonikuta

Msiende kwa fundi aliyenilainishia springi. Nalitanguliza hilo, maelezo baadaye, maana nina hasira tangu msimu wa karafuu uliopita na bado hazijanitoka.

Pikapu yangu ni ya mzigo, na ni ya mama pia. Mama anaumwa mgongo, na kila siku ya kliniki namtoa Kengeja kumpeleka hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Springi za nyuma zimetengenezwa kubeba. Bila mzigo hazibonyei, gari inaruka kila shimo. Mama hushika mlango kwa mikono miwili, "Mwanangu, taratibu," hata pale ninapokwenda mwendo wa baiskeli. Hilo ndilo lililonipeleka gereji.

Fundi akatoa majani 2 katika 5, yaani vile vipande vya chuma vilivyopandana kufanya springi. Hapo sina neno. Kisha akawasha gesi, akalipasha moto jani la juu, lile lenye macho yanayoshika chasisi, mpaka likawa jekundu, akaligonga nyundo kulinyoosha. Nikamuuliza, "Fundi, moto hauharibu chuma?" Hakuinua hata kichwa. "Sheikh, wewe kauze karafuu zako, vyuma niachie mimi." Vijana wake wakacheka. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Yubolti, zile boliti za kuifunga springi, akarudisha zile zile kuukuu, zimeliwa na kutu.

Lakini haki ya mtu ni haki yake: wiki za mwanzo nilimuombea dua. Mama alilala njiani. Alilala! Kutoka Mtambile hadi Mkoani kaegemea kioo, mpaka nilipozima injini ndipo akafumbua macho, "Tumeshafika?" Miaka yote sijawahi kumuona akisinzia ndani ya gari ile. Ningeandika siku hiyo, ningewaambia nyote muende kwake.

Ikaja siku ya kupeleka karafuu ZSTC, shirika la serikali linalozinunua. Magunia yale yale niliyozoea, si zaidi. Katikati ya kilima nikasikia mlio kama bunduki, gari ikavuta kushoto. Nashuka, jani la juu limekatika karibu na jicho, pale pale palipopigwa moto. Ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, imerudi nyuma upande mmoja, tairi linasugua bodi, harufu ya mpira imejaa. Na mvua ikaanza. Karafuu kavu, mvua! Watu nisiowajua walitoka majumbani wakabeba magunia begani mpaka barazani kwao, bibi mmoja akaleta jamvi lake kuyafunika. Mungu awalipe. Mama hakuwamo siku ile. Nikifikiri angekuwamo, mikono inanitetemeka.

Nikarudi kwa fundi na kipande cha chuma mkononi. Akasema, "Umeipakia kupita kiasi. Mimi nilikulainishia, sikukwambia ubebe." Hakuniambia nisibebe! Na yeye mwenyewe ndiye aliyenambia nikauze karafuu. Alijua gari ile inabeba nini.

Mzee mmoja fundi wa Chake ndiye aliyenifungua macho. Chuma cha springi hupikwa motoni kikazimwa kwa kupoozwa ghafla ndipo kinapata nguvu ya kurudi. Ukikipasha tena kwa gesi umekiua. Jani la juu ndilo linaloiweka ekseli mahali pake, halichezewi. Akanionyesha na valvu ya breki za nyuma, ina kijiti kinachopima gari imelala kiasi gani. Gari ikishuka, valvu inadhani kuna mzigo, breki za nyuma zinauma kupita kiasi. Kumbe ndiyo sababu nyuma ilikuwa ikiteleza kwenye mvua, na mimi nikilaumu matairi.

Akanirudishia majani yote 5, akakwangua kutu na kutia grisi katikati yake, bushi mpya za kwenye macho, shokamzoba mpya, yubolti mpya, akaniamuru nirudi baada ya safari chache azikaze tena. Gari imetulia. Lakini laini kama ile ya mwanzo? Hapana, siwezi kusema uongo. Na hapa ndipo roho inaponigawanyika: yule mjeuri kwa kutoa majani tu, bila ile gesi, pengine angenipa nilichokitaka. Nimeandika msiende, na bado nasema msiende, ila kulainisha kwenyewe sikulaumu.

Karafuu zikimalizika nitamuomba mzee atoe jani moja la chini, moja tu, alirudishe msimu ukianza. Juzi tukipita Mtambile mama kaniuliza, "Ile gari ya kulala umeipeleka wapi?"